Jumatatu mia tatu za mlinzi wa mafuvu

Saa mbili unusu asubuhi, Jumatatu. Sabato Capuozzo amesimama kwenye mlango wa chuma wa mahandaki ya San Procopio, mtaa wa Sanità, Napoli, na kiti cheupe cha plastiki begani, kama mtu anayehama nyumba yenye kiti kimoja tu.

Anamsubiri Donna Rachele Imparato, mwenye miaka themanini na miwili na nyonga moja aliyozaliwa nayo. Ya pili aliwekewa na madaktari.

"Umekiosha hicho kiti?" Ndiyo salamu ya mama huyo anapofika, fimbo mkono mmoja, bakuli lililofungwa kwa taulo mkono wa pili.

"Nimekiosha, Donna Rachè."

"Wiki iliyopita nilipanda juu na vumbi la marehemu kwenye sketi. Tena hapa nyuma, mahali pa kukalia. Soko zima liliniona."

"Soko zima lina miwani, Donna Rachè?"

"Nyamaza, shuka."

Wanashuka. Ngazi ni mia moja na kumi na mbili. Kila baada ya ngazi ishirini Sabato hutua kiti, mama hukaa, hupumua, humsengenya mtu mmoja wa mtaani, kisha huinuka. Kwa utaratibu huo, mpaka wafike chini watu watano wameshaharibiwa jina.

Leo amewasengenya wawili tu. Leo anashuka kwa mara ya mwisho. Daktari amemkataza ngazi, na Ijumaa binti yake, Loredana, anakuja kumchukua akaishi naye Bologna, kaskazini. Donna Rachele amekuja kumuaga baba yake.

Baba yake ni fuvu namba kumi na saba, rafu ya tatu, handaki la ndani kabisa.

Na Sabato, anayetangulia ngazi moja moja na kiti chake, ana neno alilolimeza miaka sita. Fuvu lile lenye namba kumi na saba, hajui ni la nani.

Sabato ana miaka sitini na sita. Kazi hii aliianza akiwa na thelathini na tisa, kiwanda cha glavu alimokuwa akishona kilipofungwa na mafundi wote wakatolewa nje siku moja. Chama cha mtaa kinachosimamia mahandaki kilimwajiri afagie, abadilishe taa na kuwatembeza wageni. Mshahara ni euro elfu moja mia moja na hamsini kwa mwezi. "Na mifupa bure," anaongeza mwenyewe, huku akijipiga magoti yaliyoliwa na unyevu.

Wageni humpenda kwa sababu ya ulimi wake. Akiwafikisha kwenye kona ya kwanza, huwauliza kama wamegundua kwamba humu ndani hakuna fuvu hata moja lenye nywele. Wageni hutazama huku na huku. "Ni kwa sababu yule wa kona alikuwa kinyozi," huwaambia, "na bado hajastaafu."

Mbele kidogo kuna viti vya mawe vyenye tundu katikati, ambavyo zamani marehemu walikalishwa wakauke kabla ya kuzikwa. Huwaonya wageni wachovu wasivikalie. Anadai Mjerumani mmoja alikalia, akaambiwa kiti ni cha nini, akapanda ngazi zote mia moja na kumi na mbili bila kuvuta pumzi, na kofia yake ilimkuta juu baada ya dakika tano.

Kwa wageni, San Procopio ni makumbusho. Kwa Sanità ni jamaa.

Wengi wa waliolala humu walikufa kwa tauni zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, wakatupwa chini bila jina wala sala. Basi wanawake wa mtaa wakashika desturi yao: kila mmoja huchagua fuvu moja likawa lake. Hulifuta, hulitandikia kitambaa, hulitengenezea sanduku la mbao lenye kioo, na huiombea roho yake itoke toharani. Roho nayo hulipa fadhila. Huja ndotoni, hutaja jina lake, humtafutia binti mchumba, na ikiwa na moyo mkunjufu hutaja na namba za bahati nasibu.

Fuvu lisilojibu hurudishwa kwenye lundo, likachaguliwa jingine. "Ni ndoa yenye talaka," anasema Sabato.

Kanisa lilipiga marufuku zamani. Sanità ilisikia, ikaitikia ndiyo baba, ikaendelea kushuka kila Jumatatu.

Aliyelichagua fuvu la rafu ya tatu alikuwa mama yake Donna Rachele. Mumewe, Aniello Imparato, alipelekwa vitani Urusi mke akiwa na mimba. Hakurudi. Haikuja barua, haikuja saa yake, hakikuja hata kifungo cha koti.

Vita vilipokwisha, yule mke akashuka San Procopio na kuokota fuvu moja pembeni, lililomtazama vizuri. Usiku wa tatu likamjia ndotoni. Likamwambia: niite Aniello, nimerudi kwa njia niliyoipata.

"Wenzangu waliofiwa na baba vitani walikuwa na picha ukutani," amezoea kusema Donna Rachele. "Mimi nilikuwa na baba wa kushika."

Alianza kushushwa akiwa na miaka minne. Alimwonyesha gauni lake la komunyo ya kwanza. Alimletea mchumba wake amkague, na mchumba akatoka jasho kuliko siku ya harusi. Mama yake alimfuta Aniello kwa miaka thelathini na minane, kisha akafa, na binti akaendelea kwa kitambaa kile kile.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka ilipofika kalamu ya Sabato.

Miaka saba iliyopita chama kiliamua kila fuvu la rafuni lipigwe picha na liandikwe namba chini yake. Sabato alipewa kopo la rangi nyeusi, brashi nyembamba na fomu ya kurasa tatu.

"Nilisema kesho," anaeleza. "Kesho ikawa mwezi. Mwezi ukawa karibu mwaka. Fomu ikadaiwa. Nikatia sahihi kwamba kazi imekamilika. Nikajiambia, nani atashuka kuhesabu? Nitaandika wiki ijayo."

Kabla wiki ijayo haijafika, Jumapili moja ya Novemba, bomba la maji lilipasuka barabarani juu ya handaki la ndani.

"Nilipofika, maji yalikuwa magotini. Rafu ya tatu ilikuwa imelala chini kama punda aliyegoma. Masanduku yamefumuka yote. Mafuvu arobaini na moja yako ndani ya tope, kama viazi vya bei ya chini."

Alikuwa peke yake. Aliyapandisha juu kwa kapu la mkate, matano matano, magoti yakimlilia. Akayaosha uani kwa ndoo na sabuni ya vyombo, akayapanga juu ya magazeti ya michezo yakauke. Kisha akakaa mbele yake.

"Nikayatazama, nayo yakanitazama," anasema. "Nilidhani nayajua. Miaka ishirini na moja nayaona kila siku! Kumbe nilikuwa naona masanduku."

Masanduku aliyajua yote. Hili la Donna Rachele, lenye msalaba wa shaba. Hili la don Tatonno, mwuza nyama, lenye kioo chenye ufa. Lakini ni kichwa gani kilikaa ndani ya lipi, hakuna aliyejua, na picha ambazo zingemwambia hazikupigwa.

Jioni hiyo akafungua lile kopo la rangi. Akaandika namba moja hadi arobaini na moja. Akagongelea masanduku misumari, akaingiza mafuvu kwa kubahatisha, na alipoulizwa na wakubwa wa chama kama kuna hasara yoyote, akajibu kwamba shukuru Mungu namba zilikuwepo.

Walimpongeza. Kulikuwa na cheti. Amekificha nyuma ya kabati la jikoni, na mkewe amekataa kukitoa vumbi.

Mahandaki yalifunguliwa tena baada ya wiki tatu. Donna Rachele alikuwa wa kwanza kushuka. Akafungua sanduku lenye msalaba wa shaba, akalibusu fuvu kwenye paji, akalitazama.

"Baba, umepauka," akasema. "Lakini wamekuogesha vizuri."

Kisha akageuka, akamkumbatia Sabato shingoni, akalia. "Umemwokoa baba yangu. Mungu akuzidishie."

Jumatatu iliyofuata alikuja na bakuli. Tambi na viazi, jibini ya moshi imeyeyuka juu, bado moto. Na iliyofuata tena. Kila Jumatatu kwa miaka sita, asipokuwa hospitali, alishuka kumfuta baba yake na kumlisha mtu aliyempoteza baba huyo.

"Kile chakula kilikuwa kitamu," anasema Sabato, akitazama viatu vyake. "Ndiyo adhabu yenyewe. Kingekuwa kibaya ningepumua kidogo."

Nyumbani, mkewe Nannina alikuwa hana subira na unyonge huo. Yeye huuza vitambaa vya meza sokoni na husema mambo kwa sauti ya sokoni hata chumbani.

"Hebu niambie wewe, Sabà," alimwambia siku moja alipomkuta amekaa na uma mkononi, hali wala haachi. "Baba yake yule mama yuko wapi?"

"Urusi. Chini ya theluji."

"Sasa lile fuvu la kwanza lilikuwa la nani?"

"Mtu wa tauni. Hajulikani."

"Na hili la sasa?"

"Mtu wa tauni. Hajulikani."

"Kwa hiyo umebadilisha mgeni kwa mgeni. Ndiyo unaninyima usingizi mimi? Kula, baba, chakula kinapoa."

"Nannì," akamjibu, "yule mgeni alifutwa na mkono mmoja miaka thelathini na minane, akafutwa na mkono mwingine miaka kama hiyo. Ameonyeshwa gauni la komunyo. Ameambiwa kila aliyezaliwa na kila aliyekufa. Mtu unamfanyia hayo miaka sabini na kitu, bado ni mgeni?"



Sabato alijaribu kumwambia Donna Rachele. Mwaka wa pili alikuwa tayari kabisa, lakini Donna Rachele alikuwa anakwenda kuwekewa nyonga. Si wakati wake. Mwaka wa tatu mjukuu alikuwa anaoa. Mwaka wa nne mama alikuwa na furaha, na nani anamharibia mtu furaha? Mwaka wa tano alikuwa na huzuni, na nani anamwongezea?

"Kila mara kulikuwa na sababu nzuri," anasema. "Na zote zilinifaa mimi."

Sasa wamefika chini. Ni Jumatatu ya mwisho, na sababu nzuri zimekwisha.

Sabato anatua kiti mbele ya rafu ya tatu, analishusha sanduku lenye msalaba wa shaba na kuliweka mapajani mwa mama. Kisha anarudi nyuma hatua sita, kama kawaida, amwachie mtu faragha na baba yake. Maji yanadondoka mahali fulani gizani. Donna Rachele anafuta taratibu, paji, mashavu, nyuma ya masikio yasiyokuwepo, huku akinong'ona.

Baada ya robo saa anamwita.

"Sabà, njoo." Anamnyoshea kile kitambaa, kimekunjwa mara nne. "Hiki ni cha mama yangu. Mimi sitarudi tena hapa, tusidanganyane. Kuanzia Jumatatu ijayo utamfuta wewe. Hakuna mwingine ninayemwamini."

Sabato hakipokei.

"Chukua basi, mkono unauma."

"Donna Rachè, siwezi."

"Huwezi nini? Kitambaa kina uzito gani?"

"Huyu simjui."

"Humjui vipi? Ni baba."

"Sijui kama ndiye."

Akasema yote, amesimama, mikono nyuma, bila kupumzika: kopo la rangi, fomu, sahihi, bomba, kapu la mkate, magazeti ya michezo. Namba za uongo. Cheti. Alipomaliza, sauti yake mwenyewe ilimshangaza. Ilikuwa nyembamba, kama ya mtu anayezungumza kutoka chumba cha pili.

Donna Rachele alikishusha kitambaa. Kisha akasema: "Rudia."

Akarudia.

"Novemba ile ya bomba?"

"Ile ile."

"Miaka sita." Akaanza kuhesabu kwa vidole, lakini hakuhesabu miaka. "Nimemwambia huyu habari za nyonga yangu. Nimemwambia kwamba mkwe wangu simpendi hata akijipaka asali. Nimemwambia nani niliyempenda kabla ya marehemu mume wangu, na hilo hata padri hajalisikia!" Akaliinamia fuvu lililoko mapajani. "Na wewe umekaa tu umekodoa. Huna haya!"

Sabato alitaka kucheka, na kwa kutaka kucheka akajiona mtu mbaya zaidi.

Ndipo mama alipouliza swali ambalo Sabato, kwa miaka yote sita, hakuwahi kujiuliza.

"Na baba? Nani amemfuta baba?"

"Mimi," akasema Sabato. "Mara moja kwa mwaka. Wote pamoja."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa brashi."

"Brashi gani?"

"Ya vumbi, Donna Rachè. Ile ya mpini mrefu."

Mama akafumba macho. "Ya mpini mrefu," akasema polepole. Kisha: "Na tambi zangu ukawa unakula."

"Nilikula."

"Na ukasema zimeiva vizuri."

"Zilikuwa zimeiva vizuri."

Fimbo ilimpata chini ya goti la kushoto. Alama bado ipo, na Sabato huionyesha bila kuombwa. Huinua suruali mbele ya mtu yeyote, hata kwenye foleni ya posta. Anasema lilikuwa pigo la haki, na kwamba kwa mkono ule bibi angeweza kuchonga handaki jingine.

Kisha Donna Rachele akasema: "Niletee wote."

Akamletea. Sanduku moja baada ya jingine, kutoka namba moja. Mama alilipokea kila fuvu kwa mikono miwili, akafumba macho, akapitisha vidole gumba juu ya nyusi, polepole, kama mtu anayesoma kitu gizani. Akatikisa kichwa. Jingine. Juu, mlangoni, Wareno kumi na sita walikuwa wakisubiri na tiketi zao; mfanyakazi mwenzake Sabato aliwaambia kuna familia imekuja kutembelea mgonjwa.

Saa sita mchana walifika la arobaini na moja. Donna Rachele akalishika muda mrefu kuliko yote. Akafumbua macho.

"Ndiye?" akauliza Sabato.

"Sijui."

Akalirudisha. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa vumbi hadi viwikoni.

"Leo nawashika najua natafuta, na mkono hauniambii kitu," akasema. "Miaka sita nimemshika mtu baki kichwani, nikamwita baba, na mkono haukushtuka hata siku moja. Wewe umechanganya siku moja, Sabà, tena kwa bahati mbaya. Mimi nimekosea Jumatatu mia tatu, nikiwa macho. Sasa nani aone haya hapa?"

"Mimi, Donna Rachè. Ni mimi."

"Wewe kaa na yako. Yangu usiiguse."

Aliinuka mwenyewe. Kile kitambaa akakiweka juu ya kiti, si mkononi mwa Sabato.

"Utawafuta wote," akasema. "Kila Jumatatu. Kwa hiki, si kwa hilo fagio lako. Mmoja wao ni baba. Wengine watakuwa wamepata bahati."

Alipanda ngazi zote bila kukalia kile kiti. Alishika ukuta, akapumzika kwa kuegemea jiwe, hakumsengenya mtu. Ilichukua karibu saa nzima. Sabato alimfuata nyuma, ngazi moja moja, na kiti kitupu begani. Mlangoni mama akachukua bakuli lake, halijafunguliwa, akaenda zake.

Hiyo ilikuwa wiki saba zilizopita.

Siku ya pili yake Sabato alikwenda kwenye ofisi ya chama na kueleza tena hadithi ile ile, safari hii mbele ya watu watano na mashine ya kahawa. Walimpa barua ya karipio. Pensheni yake, itakayoanza mwisho wa Juni, haikuguswa, lakini ufunguo wa mlango wa chuma walimwomba auache mezani.

Ufunguo sasa anao mwenzake. Sabato, baada ya miaka ishirini na saba, hufika asubuhi akagonga.

"Nagonga, nasubiri," anasema. "Wapita njia wananiuliza, Sabà, marehemu wamekufungia nje? Nawaambia ndiyo."

Bado zipo familia sita nyingine zinazoshuka kwenye rafu ya tatu. Ameamua kumwambia kila mmoja, ana kwa ana, kabla ya kustaafu. Wawili ameshawaambia. Mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Wa pili aliondoka na hajaonekana tena San Procopio.

Anayemtia hofu ni don Tatonno, mwuza nyama. Huyo alishinda bahati nasibu mwaka mmoja baada ya lile bomba, kwa namba alizoziota, akalinunulia fuvu lake taji la plastiki lenye taa ndogo zinazowaka. "Ataniuliza ni nani hasa aliyempa namba, ili amhamishie taji," anasema Sabato. "Nami nitakuwa nimesimama pale, na yeye ana visu vya kila ukubwa."

Akistaafu, ameomba aruhusiwe kushuka Jumatatu kama mtu wa kujitolea. Wamekubali. Kufuta mafuvu arobaini na moja kwa kitambaa kimoja, kukisuuza kila baada ya matatu, humchukua asubuhi nzima. Magoti yanapiga kelele. Nannina, ambaye alisema ni mgeni kwa mgeni, Jumatatu iliyopita alifunga kibanda chake sokoni, akashuka naye, akashika ndoo. Hakueleza kwa nini, na mumewe hakuthubutu kuuliza.

Kisha kuna simu.

Wiki ya tatu baada ya kuhamia Bologna, Donna Rachele alijifunza kwa mjukuu wake kutuma ujumbe wa sauti. Tangu hapo, kila Jumatatu saa mbili kamili, simu ya Sabato hulia mfukoni. Ujumbe huwa wa dakika nne hivi. Hauna salamu kwake. Huanza moja kwa moja.

"Baba, ni Rachele. Hapa Bologna baridi, na mchuzi wao wa nyanya ni wa watu wanaoumwa tumbo. Nyonga iko sawa. Loredana ananifungia chumvi kabatini kama mtoto mdogo. Nyinyi wengine arobaini, hamjambo. Haya hayawahusu, lakini kwa kuwa mpo hapo sikilizeni tu. Na wewe kumi na saba, yale niliyokwambia, ole wako umwambie mtu…"

Chini kule simu haishiki mtandao, kwa hiyo Sabato huupokea ujumbe barabarani, akashuka nao. Mara ya kwanza aliuwasha na kutembea nao mbele ya rafu, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila fuvu likapata maneno mawili matatu. Hakuridhika. Vipi ikiwa Aniello ndiye aliyepata neno "chumvi" peke yake?

Siku hizi huupiga wote, tangu mwanzo, mbele ya kila mmoja. Mara arobaini na moja. Huku unasema, yeye anafuta.

Ameshaukariri kila pumzi yake. Lakini bado huusikiliza kwa makini mpaka fuvu la mwisho, na alipoulizwa anachosikiliza ni nini, alikisuuza kwanza kitambaa, akakikamua, akakikunja mara nne.

"Nasikiliza kama atanitaja," akasema. "Mwishoni kabisa huwa anavuta pumzi kabla ya kuzima, kama mtu mwenye neno moja bado. Hata likiwa tusi, naliomba. Siku atakayonitukana nitajua amerudi kuzungumza na mimi."